Paul Robeson

Paul Leroy Robeson (Princeton, New Jersey, 9 Aprili 1898 – Philadelphia, Pennsylvania, 23 Januari 1976) alikuwa mwanamichezo, mwanasheria, mwimbaji, mwigizaji na mtetezi wa haki za watu weusi kutoka nchini Marekani. Dunia inamjua hasa kwa sauti yake nzito ya besi. Lakini kabla ya kuimba jukwaani alikuwa mchezaji wa chuo, na yaliyompata uwanjani katika Chuo cha Rutgers kati ya miaka 1915 na 1919 yanaeleza mengi kuhusu maisha yake ya baadaye.

Familia na utoto

Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Akiwa kijana alitoroka kwenda kaskazini, akasoma katika Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, akawa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri mjini Princeton. Mama yake, Maria Louisa Bustill, alikuwa mwalimu kutoka familia ya watu weusi huru iliyojulikana kwa usomi. Paul alikuwa mtoto wa mwisho.

Mwaka 1901 baba alipoteza uchungaji wake baada ya mvutano ndani ya kanisa, na kwa muda alijitafutia riziki kwa kazi za mikono, ikiwemo kuzoa majivu kwenye nyumba za watu. Mwaka 1904 mama alifariki kutokana na majeraha ya moto baada ya kaa la jiko kushika nguo zake. Paul alikuwa hajatimiza miaka sita. Baadaye baba alihamia kanisa la Wamethodisti weusi, na mwaka 1910 familia ikakaa Somerville, mji mdogo wa New Jersey. Katika shule ya sekondari ya Somerville wanafunzi weusi walikuwa wachache mno. Paul aliimba, aliigiza, alicheza michezo yote na kuongoza darasani. Baba alikuwa mkali kuhusu masomo: mtoto akileta alama 95 aliulizwa tano zimekwenda wapi.

Chuo cha Princeton, kilichokuwa jirani na nyumba aliyozaliwa, hakikuwa kinapokea wanafunzi weusi wakati huo. Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani wa jimbo zima wa kupata ufadhili wa kusoma Rutgers, chuo kilichoanzishwa mwaka 1766 katika mji wa New Brunswick, kando ya mto Raritan. Alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa tatu kuandikishwa katika historia ya chuo hicho, na mwaka huo alikuwa peke yake.

Kuingia katika timu

Mpira unaozungumzwa hapa si soka. Ni mpira wa Kimarekani, unaochezwa na watu kumi na mmoja kila upande kwa mpira wenye umbo la yai, ambao hubebwa, hurushwa na kupiganiwa kwa miili. Rutgers walijivunia sana mchezo huu kwa sababu mechi ya kwanza kabisa kati ya vyuo viwili ilichezwa New Brunswick tarehe 6 Novemba 1869, na wao ndio walioshinda, wakiwafunga Princeton 6–4. Jumamosi ya mechi ilikuwa sikukuu ya chuo: nyimbo, bendera, wahitimu wa zamani wakirudi kuketi na wanafunzi. Msomaji aliyewahi kushangilia shule yake kwenye UMISSETA atajua hisia hizo.

Robeson alikuwa na urefu wa karibu mita 1.9 na nguvu za kutosha, na kocha George Foster Sanford alimtaka. Wachezaji weupe hawakumtaka. Katika mazoezi ya kwanza walimvamia kwa pamoja, wakamvunja pua na kumtegua bega. Kwa maelezo aliyotoa mwenyewe miaka mingi baadaye, alilala kitandani siku kadhaa akifikiria kuacha. Baba yake alikuwa amemfundisha kwamba popote alipo peke yake anabeba wenzake wote wasiopata nafasi hiyo, na kaka yake alikuja kumkumbusha. Akarudi uwanjani. Mchezaji mmoja akamkanyaga mkono kwa viatu vyenye njumu hadi kucha zikang'oka. Katika shambulio lililofuata Robeson alimkamata aliyekuwa na mpira, akamwinua juu ya kichwa chake, tayari kumbwaga chini. Kocha akapaza sauti kwamba ameingia timu ya kwanza. Tangu siku hiyo wenzake waliacha kumshambulia, na baadhi yao wakawa marafiki zake.

Mechi ya Oktoba 1916

Mwaka 1916 Rutgers kilitimiza miaka 150. Katika sherehe za Oktoba iliandaliwa mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha Washington and Lee kutoka Virginia. Jina la chuo hicho linabeba historia: Lee ni Robert E. Lee, jenerali wa majeshi ya Kusini yaliyopigana katika vita ya wenyewe kwa wenyewe upande wa majimbo ya watumwa, naye alikuwa mkuu wa chuo hicho baada ya vita. Wageni walisema hawatacheza dhidi ya mtu mweusi. Rutgers wakakubali. Tarehe 14 Oktoba Robeson alikaa nje, na mechi ikaisha kwa sare ya 13–13.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mgeni alikuja, na mtoto wa nyumbani akaondolewa mezani. Jambo zito si kwamba wageni walibagua, maana vyuo vya Kusini vilijulikana kwa hilo na mara nyingi vilidai vivyo hivyo vilipokwenda kucheza Kaskazini. Uzito uko kwa waliokubali. Chuo kilikuwa kinasherehekea umoja wake wa karne moja na nusu, na bei ya sherehe ikalipwa na mwanafunzi mmoja mwenye umri wa miaka 18 ambaye alikuwa amevunjwa pua ili avae jezi yake.

Msomaji wa Tanzania asidhani mambo haya yalikuwa ya Marekani tu. Wakati wa ukoloni shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Mbeya palikuwa na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Iringa, mwishoni mwa miaka ya 1950, ilijengwa shule ya St. Michael's and St. George's kwa ajili ya watoto hao hao. Baada ya Uhuru majengo yake yakawa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, na leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Tofauti ni kwamba huku mtoto wa Kiafrika alizuiwa mlangoni, kwa hiyo suala la jezi halikufika. Robeson aliipewa jezi, kisha akaambiwa aivue kwa siku moja.

Aliyelisema jambo hili waziwazi alikuwa James Dickson Carr, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuhitimu Rutgers (1892), aliyekuwa mwanasheria mjini New York. Mwaka 1919 alimwandikia barua mkuu wa chuo, William Demarest. Alieleza kwamba chuo kilisaliti misingi yake kwa kumnyima mwanafunzi mwaminifu heshima aliyostahili ili kuwaridhisha wageni, na kwamba yeye kama mhitimu aliona uchungu na aibu. Barua hiyo imehifadhiwa, na ndiyo inayofanya tukio la 1916 lisisomwe kama jambo la kawaida la wakati wake. Alikuwepo mtu wa wakati huohuo, tena mwana wa chuo hichohicho, aliyeona kosa na kulitaja.

Kocha Sanford naye hakurudia. Msimu uliofuata Chuo Kikuu cha West Virginia kilipotaka Robeson aachwe nje, alikataa. Mechi ikachezwa na Robeson akiwemo, na ikaisha 7–7. Mwezi Novemba 1917, katika uwanja wa Ebbets Field huko Brooklyn, Rutgers waliishinda 14–0 timu ya jeshi la majini kutoka Newport iliyojaa wachezaji maarufu wa vyuo vikubwa. Magazeti ya New York yalimsifu Robeson kuliko wote. Alitajwa katika vikosi bora vya taifa vya mwaka 1917 na 1918; hicho cha mwaka 1918 kilichaguliwa na Walter Camp, anayeitwa baba wa mchezo huo.

Nje ya uwanja mipaka ilibaki. Robeson aliruhusiwa kuimba na kwaya ya wanafunzi kwenye matamasha ya nyumbani, lakini hakusafiri nayo wala hakukaribishwa kwenye dansi zilizofuata. Umati uliomshangilia Jumamosi alasiri haukutegemea kumwona ukumbini Jumamosi usiku.

Hata hivyo alichukua heshima zote zilizokuwepo. Mbali na mpira wa Kimarekani alichezea chuo besiboli, mpira wa kikapu na riadha. Alishinda mashindano ya hotuba, akaingizwa katika Phi Beta Kappa, jumuiya ya wanafunzi bora wa taaluma, na mwaka 1919 ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wahitimu. Baba yake hakuiona siku hiyo, kwani alifariki Mei 1918.

Sheria, jukwaa na Afrika

Robeson alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, akijilipia kwa kucheza mpira wa kulipwa katika timu za Akron na Milwaukee. Mwaka 1921 alimwoa Eslanda Goode, na mwaka 1927 walipata mtoto wao pekee, Paul. Alihitimu mwaka 1923 lakini kazi ya uwakili haikudumu: katibu mweupe wa ofisi alikataa kuandika maneno aliyotamkiwa na mtu mweusi.

Akaingia kwenye maigizo, na mwaka 1925 yeye na mpiga piano Lawrence Brown walifanya tamasha la nyimbo za kiroho za watumwa, jambo lililompa jina kubwa. Aliigiza Othello London mwaka 1930, kisha New York kuanzia 1943, ambako igizo hilo lilionyeshwa mara 296.

London ndiko alikoikuta Afrika. Alifahamiana na vijana kama Jomo Kenyatta na Nnamdi Azikiwe, na mwaka 1934 aliingia Chuo cha Taaluma za Mashariki cha Chuo Kikuu cha London, ambako miongoni mwa mengine alisoma Kiswahili. Mwaka 1935 aliigiza filamu ya Sanders of the River, ambamo Kenyatta naye alipata nafasi ndogo. Filamu ilipotoka ikiwa inasifu utawala wa Kiingereza, Robeson aliijutia. Mwaka 1936 Eslanda na mtoto wao walisafiri Afrika Kusini na Uganda, safari aliyoiandikia kitabu. Robeson mwenyewe aliongoza kwa miaka mingi Baraza la Mambo ya Afrika, lililodai uhuru wa makoloni kutokea New York.

Kufutwa na kurudishwa

Robeson alivutiwa na Urusi ya Kisovyeti tangu safari yake ya kwanza mwaka 1934, na hakuikosoa hadharani hata maovu ya Stalin yalipojulikana. Hilo ni doa ambalo waandishi wa maisha yake hawalikwepi. Mwaka 1949, baada ya hotuba yake mjini Paris kuripotiwa kana kwamba amesema watu weusi wa Marekani hawatapigana vita dhidi ya Wasovyeti, aliandamwa. Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa besiboli, aliitwa mbele ya kamati ya bunge kumpinga. Tamasha lake karibu na Peekskill, New York, lilivurugwa kwa mawe na marungu. Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti, na kumbi zikamfungia milango. Mapato yake, yaliyozidi dola 100,000 kwa mwaka, yakashuka hadi elfu chache.

Wakati huohuo hata uwanja wa Rutgers ulifutwa chini ya miguu yake. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1950 na kusifiwa kama kumbukumbu kamili kuliko zote za mpira wa vyuo hakikumtaja kabisa, si kama mchezaji wa Rutgers wala kama mmoja wa kikosi bora cha taifa. Mwaka 1916 alitolewa kwenye mechi moja. Sasa alitolewa kwenye zote.

Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958 kufuatia hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya watu wengine. Alisafiri tena, lakini afya ilikuwa imedhoofika. Alirudi Marekani mwaka 1963, Eslanda akafariki 1965, naye akaishi miaka yake ya mwisho kwa dada yake Marian huko Philadelphia.

Rutgers, ambacho sasa ni chuo kikuu cha jimbo, kimelipa jina lake majengo katika kampasi zake za Newark na Camden. Ukumbi wa Heshima wa Mpira wa Vyuo ulimpokea mwaka 1995, miaka 19 baada ya kifo chake. Mwaka 2019, miaka mia moja tangu alipohitimu, ulifunguliwa uwanja wa wazi wenye jina lake katika kampasi ya New Brunswick, ukiwa na vibao vinane vya mawe meusi vinavyosimulia maisha yake.