Oscar Baumann (1864-1899): Mvumbuzi na Watu Ambao Hakuwaona

1.0 Utangulizi

Masimulizi ya wasafiri mashuhuri yana kawaida moja: humpima msafiri kwa wingi wa mambo aliyoyaona. Ndivyo alivyopimwa Evliya Çelebi, Mturuki wa karne ya 17 aliyezizunguka nchi za Dola ya Uthmaniya na kupanda mto Naili hadi nchi ya Funj huko Sudani. Ndivyo walivyopimwa pia Wazungu waliokuja Afrika Mashariki katika karne ya 19 kutafuta chanzo cha mto huo huo. Makala haya yanaeleza maisha ya mmoja wao, Oscar Baumann, ambaye kitabu chake ndicho andiko la kwanza la Kizungu kuwataja Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda. Hoja yetu ni kwamba maisha yake hayaeleweki barabara tusipowazingatia watu ambao hakuwaona.

2.0 Ujana na Safari za Awali

Baumann alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 25 Juni 1864. Tangu ujana wake alivutiwa na kazi ya kuchora ramani. Mwaka 1885 alijiunga na msafara wa Oskar Lenz uliokwenda Kongo, lakini aliugua na kulazimika kurudi nyuma kutoka Stanley Falls. Mwaka uliofuata alikichunguza kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo huitwa Bioko.

Mwaka 1888 aliingia Usambara pamoja na Hans Meyer. Wakati huo wenyeji wa pwani walikuwa wameanza kuipinga kwa silaha kampuni ya Wajerumani. Wasafiri hao wawili walikamatwa, wakafungwa minyororo, na hawakuachiwa na Abushiri mpaka walipokombolewa kwa fedha. Hapo Baumann alijifunza kwamba nchi anayoipima ina wenyewe. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1890 alirudi Usambara, na mwaka 1891 alichapisha kitabu kuhusu nchi hiyo.

3.0 Safari ya Umasaini, 1892-1893

Safari iliyompatia sifa ilianza Tanga mwezi Januari 1892, kwa gharama za kamati ya Wajerumani ya kupinga utumwa. Kama ilivyokuwa misafara yote ya zama zile, msafara huu ulitegemea wapagazi na askari, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya mawasiliano. Baumann alikuwa Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Manyara, kreta ya Ngorongoro na Ziwa Eyasi. Alifika Ngorongoro mwezi Machi.

Kurasa nzito kuliko zote katika kitabu chake zinahusu njaa. Sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe wa Wamasai, na nduli hilo lilikuwa limewaacha wafugaji bila chakula. Baumann aliwakuta wanawake waliobaki mifupa mitupu na wazee wakijikokota kuomba mabaki ya nyama kambini. Wazazi walitaka kuuza watoto wao kwa kipande cha nyama. Walipokataliwa, waliwaacha watoto hao karibu na kambi na kutoweka. Alikadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai waliangamia. Hapa ushahidi wake una thamani kubwa kwa mwanahistoria.

Kutoka hapo alivuka Serengeti hadi Ziwa Viktoria, na mwezi Septemba alifika Burundi, ambako watu wengi walimshangilia wakidhani ni Mwezi, mfalme wao, aliyerejea. Aliingia pia Rwanda kwa siku chache. Akatangaza kwamba mto Ruvubu ndio chanzo cha Naili, kisha akarejea pwani Februari 1893. Kitabu chake kilitoka mwaka 1894.

4.0 Waliojificha

Katika safari hii yenye kuona mengi, Wahadzabe hawakuonekana. Walijificha. Habari alizoziandika Baumann juu yao alizipata kwa watu wengine. Kwa wawindaji wanaoishi katika makundi madogo, kwa upinde, asali na mizizi, msafara wa watu wengi wenye bunduki na njaa haukuwa mgeni wa kukaribishwa. Yumkini kujificha kwao hakukuwa woga mtupu, bali uamuzi wa watu walioijua hatari.

Matokeo yake ni kwamba Wahadzabe waliingia katika maandishi kwanza kama uvumi. Otto Dempwolff na Erich Obst ndio waliotangulia kuandika habari za kukutana nao ana kwa ana, na Obst alikaa nao wiki nane mwaka 1911. Majina waliyopewa na jirani zao, kama vile Watindiga, yalidumu katika vitabu kwa miaka mingi. Lugha yao nayo iliwekwa katika kundi la Khoisan kwa sababu ya vidoko, ingawa leo wanaisimu wengi huihesabu kuwa lugha isiyo na jamaa anayejulikana.

5.0 Hitimisho

Tangu mwaka 1896 Baumann alikuwa konseli wa Austria na Hungaria huko Unguja, na akaandika kuhusu Unguja, Pemba na Mafia. Maradhi yalimrudisha Vienna, akafariki tarehe 12 Oktoba 1899 akiwa na umri wa miaka 35.

Ramani zake zilijaza sehemu zilizokuwa tupu machoni pa Ulaya. Lakini mtu asiyeonekana kwenye ramani huonekana kama hana ardhi, na katika karne ya 20 Wahadzabe walipoteza sehemu kubwa ya nchi yao kwa wakulima na wafugaji. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya kijumuiya. Ili kuipata, iliwabidi waonekane na mipaka yao ichorwe. Wajukuu wamelinda kwa ramani kile ambacho mababu walikilinda kwa kujificha. Na hilo ndilo fundisho ambalo wasifu wa Baumann hauna budi kulibeba.