Ernst Degner: Bingwa aliyekula kona na siri za tustroki

JUMAPILI ya Septemba 17, 1961, mjini Kristianstad, Sweden, ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 125 ulikuwa mkononi mwa Ernst Degner. Alikuwa anaongoza msimamo. Anayemfukuza alikuwa Tom Phillis, Mwaustralia wa Honda, na baada ya hapo ilikuwa imebaki mbio moja tu ya msimu, kule Argentina. Ni kama timu iliyo kileleni, imebakiza mechi mbili, na mpinzani anapiga dua iteleze.

Ikateleza kweli. Mizunguko michache tu baada ya kuanza, injini ikagoma, Degner akasogea pembeni ya barabara. Mchezo umeisha.

Viongozi wa timu yake ya MZ kutoka Ujerumani Mashariki walidhani wamepoteza mbio. Kumbe walikuwa wamempoteza na dereva mwenyewe. Hakurudi nao. Aliwasha gari, akavuka kwenda Denmark, kisha Ujerumani Magharibi. Kwa lugha ya vijiweni, jamaa alikula kona. Na kichwani mwake aliondoka na kitu ambacho Wajapani walikuwa wanakitafuta kwa udi na uvumba: namna ya kuifanya injini ndogo ya mapigo mawili, ile ambayo mafundi wanaiita tustroki, ikimbie kama kichaa bila kufa.

KIJANA WA GLEIWITZ

Degner alizaliwa Septemba 22, 1931, Gleiwitz, mji ambao wakati huo ulikuwa wa Ujerumani na leo upo Poland. Jina la familia lilikuwa Wotzlawek, baadaye likageuzwa kuwa Degner ili lisikike kijerumani. Vita vya Pili vilipoisha alikuwa na miaka 13, na upande aliojikuta ndio ule ulioshikwa na Wasovieti. Akasomea ufundi, akajiunga na klabu ya pikipiki ya Potsdam, akaanza kushinda mbio za ndani. Mwaka 1956 MZ wakamsajili.

Kiwanda cha MZ kilikuwa Zschopau, kwenye majengo ya zamani ya DKW. Wapenzi wa mbio za magari Afrika Mashariki jina hilo si geni kwao. Mwaka huohuo wa 1956, gari la DKW lenye injini ya mapigo mawili lilishinda Safari Rally, wakati huo ikiitwa Coronation Safari na ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliokuwa ndani yake ni Eric Cecil na Tony Vickers. Gari lile lilitengenezwa Magharibi, maana baada ya vita kampuni iligawanyika kama nchi yenyewe, lakini ukoo ulikuwa mmoja.

Bosi wa idara ya mbio pale Zschopau aliitwa Walter Kaaden. Huyu ndiye kocha wa hadithi hii. Wakati wa vita alifanya kazi kwenye miradi ya silaha za roketi, baada ya vita akahamishia akili yake kwenye pikipiki. Hakuwa na bajeti, hakuwa na vyuma vizuri. Alichokuwa nacho ni masikio na subira. Aligundua kwamba bomba la egzosi likitanuliwa katikati kama tumbo halafu likabanwa mwishoni, mawimbi ya moshi yanarudi nyuma na kusukuma mafuta mabichi yasitoroke kwenye silinda. Kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25. Ukipiga hesabu ni farasi 200 kwa kila lita, na hakuna injini isiyo na kisukuma hewa iliyokuwa imewahi kufika hapo.

Degner alikuwa mtu wa pekee kwa Kaaden kwa sababu alikuwa dereva na fundi kwa wakati mmoja. Alikuwa anarudi kutoka barabarani na kueleza injini inalia wapi na inakohoa wapi. Mwaka 1959 akaipa MZ ushindi wa mbio za dunia pale Monza, Italia.

TUNDU DOGO, KESI KUBWA

Hapa shabiki wa mpira avumilie kidogo, kwa sababu bila hili huwezi kuelewa kwa nini mtu alipoteza ubingwa ndani ya sekunde moja.

Tustroki haina oili yake pembeni kama Boxer au TVS za bodaboda wa sasa. Pistoni na beringi zinalainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Maana yake, mafuta yakipungua, na ulainishaji umepungua. Yakipungua sana, joto linapanda, pistoni inavimba, inang'ang'ania silinda. Huko ndiko kujamu. Anayeamua mafuta yaingie kiasi gani ni kabureta, na ndani ya kabureta ni kijiskrubu cha shaba njano chenye katundu katikati. Hiyo ndiyo jeti. Namba kubwa, tundu kubwa.

Jeti ndogo inalisha injini ikiwa imetulia au ukiwa umefungua mafuta kidogo. Katikati kazi ni ya sindano, ambayo fundi anaipandisha au kuishusha kwa kuhamisha klipu yake. Ukifungua mafuta mpaka mwisho, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Madereva wa mbio wanaishi kwenye jeti kubwa.

Sasa mchukue mtu mwenye Yamaha DT au Suzuki TS ya zamani, zile za kupita porini. Ameitengeneza Dar es Salaam, usawa wa bahari, inalia safi. Akaipakia mpaka Shinyanga, akaenda nayo Kahama hadi Geita. Ziwa Victoria peke yake lipo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Geita ipo juu zaidi ya ziwa. Hewa huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Jeti ni ileile, mafuta yanayomwagika ni yaleyale, lakini hewa ya kuyachoma imepungua. Pikipiki inaanza kutoa moshi mzito, inakohoa, plagi inarudi nyeusi imelowa oili. Dawa ni kushusha jeti namba moja au mbili. Huyo amepata usumbufu, hajapata hasara.

Mwenye hasara ni yule anayefanya safari ya kinyume. Aliyepunguza jeti Geita, akashuka nayo pwani bila kuigusa. Hewa imekuwa nzito, mafuta hayatoshi, na ubaya ni kwamba pikipiki ikikosa mafuta kidogo inakimbia vizuri mno. Inakuwa nyepesi, kali, inampa mtu raha. Halafu inakamata.

Hata bila kusafiri, hali ya hewa inatosha. Fundi wa Shinyanga akipima saa nane mchana jua linachoma, hewa ni nyepesi. Mwenye pikipiki akitoka saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi, hewa imeshakuwa nzito. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hawezi kukubana jeti mpaka mwisho. Anakuachia mafuta ya akiba na anakubali moshi kidogo.

Kwenye mbio hakuna cha akiba. Timu za enzi za Degner zilikuwa zinabadilisha jeti asubuhi na mchana, kwa kuangalia hewa na kusoma plagi. Dereva anafungua mafuta mpaka mwisho, anabana klachi, anazima injini hapohapo na kurudi akiserereka. Plagi inafunguliwa. Ikiwa rangi ya kahawia, salama. Ikiwa nyeupe, injini inaungua. Ikiwa nyeusi, kasi inapotea. Kisha dereva anakwenda kwenye mstari akiwa na vidole juu ya mkono wa klachi muda wote, tayari kubana pistoni ikishika kabla tairi halijamrusha.

UKUTA WA BERLIN

Msimu wa 1961 Degner alishinda Hockenheim, akashinda Sachsenring mbele ya watu wa nyumbani, akashinda Monza. Mshahara wake ulikuwa wa kiwanda cha serikali. Madereva wa Magharibi aliokuwa akiwapiga walikuwa wanaondoka na fedha za maana, yeye anarudi Zschopau.

Mapema msimu huo, kwenye mbio za Isle of Man, alikuwa ameanza kuzungumza kimyakimya na watu wa Suzuki. Kampuni hiyo ya Hamamatsu ilikuwa imekuja Ulaya mwaka 1960 na kumaliza nafasi za nyuma. Walikuwa na fedha na viwanda, hawakuwa na Kaaden. Kama hawezi kupatikana Kaaden, basi apatikane mtu anayejua anachokijua Kaaden. Hebu fikiria staa wa Simba anasaini Yanga msimu ukiwa bado unaendelea, na kwenye begi ana daftari la kocha.

Agosti 13 mpaka wa Berlin ukafungwa, ukuta ukaanza kujengwa. Degner mwenyewe alikuwa na ruhusa ya kutoka kwa ajili ya mbio. Mkewe Gerda na watoto wao wawili hawakuwa nayo. Mpango uliofuata ni wa kutisha kwa baba yeyote: familia ivushwe ikiwa imefichwa ndani ya gari, watoto wamepewa dawa ya usingizi wasije wakalia mbele ya walinzi. Ilibidi ifanyike wikiendi ileile ya Sweden, kwa sababu mmoja akitangulia, mwingine anakamatwa.

Kwa hiyo siku ile ya Kristianstad, mtu aliyekuwa juu ya pikipiki alikuwa anafukuzia ubingwa wa dunia huku familia yake ikiwa kwenye mpango wa kutoroka. Walivuka.

Ujerumani Mashariki wakamwita msaliti na wakasukuma leseni yake ifungiwe. Mbio za Argentina mwezi uliofuata hakukimbia. Phillis akashinda, akachukua ubingwa. MZ hawakuwahi tena kulikaribia taji la dunia kiasi kile, na hawakuwahi kulibeba.

HAMAMATSU

Majira ya baridi Degner aliyatumia Japan, akiwa na mainjinia wa Suzuki. Hapa ndipo watu wanapobishana hadi leo kama alikuwa mwizi au mtu aliyeuza utaalamu wake. Haki ya Kaaden ipo wazi: kazi ya maisha yake ilihamia bara jingine na hakulipwa hata senti. Ila wanaosema Degner alibeba vyuma tu na kuvikabidhi wanasahau kwamba chuma kila mtu anaweza kukinakili. Kujua injini inataka nini ikipanda joto, kusoma plagi, kusikia mlio unaobadilika nusu sekunde kabla ya pistoni kushika, hivyo vilikuwa vyake mwenyewe.

Matokeo yalikuja haraka. Mwaka 1962 ulianzishwa ubingwa wa dunia wa cc 50, na Suzuki walikuja na kipikipiki chenye gia 8, kwa sababu injini ilikuwa na nguvu kwenye kipande kidogo tu cha mizunguko na dereva alilazimika kuishikilia hapohapo. Degner akashinda Isle of Man, ushindi wa kwanza wa Suzuki kisiwani humo, na mwisho wa msimu akawa bingwa wa dunia. Lilikuwa taji la kwanza la dunia kwa Suzuki, na la kwanza kwa injini yoyote ya mapigo mawili.

Mwishoni mwa mwaka huo alianguka kwenye kona moja ya uwanja mpya wa Suzuka. Kona ikapewa jina lake, na mashabiki wa Formula One wanalisikia kila mwaka bila kujua ni la nani.

Novemba 1963, palepale Suzuka, alianguka tena akiwa na cc 250. Tangi likapasuka, moto ukamvaa. Alipandikizwa ngozi zaidi ya mara 50. Karibu mwaka mzima baadaye, Novemba 1964, akarudi uwanja uleule na kushinda mbio za cc 125. Kwa mtu aliyeungua vile, huo ndio ushindi mkubwa zaidi wa maisha yake, kuliko hata taji. Lakini mofini aliyopewa kwa ajili ya maumivu haikumwachia. Mwaka 1966 akastaafu.

Wakati yeye anatoka, tustroki ndiyo kwanza zinaingia. Mwaka 1970 Mbelgiji Joel Robert akaipa Suzuki ubingwa wa dunia wa motokrosi wa cc 250, wa kwanza kwa kiwanda cha Japan. Nyuma yake zikafuata pikipiki za kuuzwa kwa watu wa kawaida, TS na wenzake, zenye egzosi ya tumbo nene iliyozaliwa Zschopau. Ndizo hizo ambazo fundi wa Kahama akizifungua kabureta anakutana na kijeti kile na swali lilelile la hewa na mafuta.

Degner alihamia Tenerife, kwenye visiwa vya Canary. Alifariki huko Septemba 1983, akiwa na miaka 51. Taarifa rasmi ilitaja moyo, minong'ono ikataja mengine. Kaaden alibaki upande wake wa Ujerumani na kufariki Machi 1996, ukuta ukiwa umeshaanguka na kila kiwanda cha pikipiki za tustroki kikitumia egzosi yake.