Jack Arnold na samaki wa bahari yetu aliyegeuzwa zimwi

Mwaka 1958 ilitoka Marekani filamu fupi ya kutisha, isiyo na rangi, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo. Kisa chake kinaanza na samaki. Profesa mmoja wa chuo kikuu ameletewa samaki mkubwa kutoka Madagaska, amepakiwa kwenye barafu. Barafu inayeyuka, maji yenye damu yanachuruzika, mbwa anayalamba. Muda si mrefu mbwa yule mpole amekuwa mnyama mkali mwenye meno marefu. Kisha profesa mwenyewe anajichana mkono kwenye meno ya samaki, na usiku huo huo mtu anauawa.

Samaki mwenyewe ni silikanti. Wasikilizaji wetu wa pwani ya kusini wanamfahamu au wamesikia habari zake, kwa kuwa ndiye aliyenaswa Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, na baadaye akanaswa mara nyingi huko Tanga. Aliyeiongoza filamu ile aliitwa Jack Arnold. Jina lake huenda ni geni kwako. Lakini kama umewahi kukaa kwenye kibanda umiza ukatazama mamba aliyetoroka maabara, au nyoka aliyekuzwa kwa dawa mpaka akameza boti, basi umeona wajukuu wa kazi yake.

Arnold alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1916 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut, kwa wazazi waliohamia kutoka Urusi. Ujanani alitaka kuwa mwigizaji, akasomea uigizaji New York na kupanda majukwaani. Vita ya Pili ya Dunia ilipofika aliingia jeshini akitarajia kurusha ndege. Wakati akisubiri zamu ya mafunzo, jeshi lilimpeleka kwenye kikosi cha kupiga picha, na huko akafanya kazi chini ya Robert Flaherty, mzee aliyekuwa maarufu kwa filamu za maisha halisi ya watu. Mafunzo yale yalimfaa kuliko alivyotegemea. Filamu zake za baadaye zina mambo yasiyowezekana kabisa, lakini mahali zinapotokea ni pa kawaida: barabara ya vumbi, jiko la nyumbani, mto uliotulia. Hofu inaingia kwa sababu mahali penyewe unapaamini.

Baada ya vita alitengeneza filamu juu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo na chama chao. Iliitwa With These Hands, ilitoka mwaka 1950, na iliingia katika kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar. Kampuni ya Universal ya Hollywood ikamwita. Haikumpa filamu kubwa. Ilimpa zile za bei nafuu, za kujaza majumba ya sinema yaliyokuwa yakipoteza watazamaji kwa sababu ya televisheni. Mwaka 1953 alitoa kisa cha wageni kutoka anga za juu. Mwaka uliofuata kikaja kile kilichomfanya akumbukwe.

Filamu hiyo ni Creature from the Black Lagoon ya mwaka 1954. Wataalamu wanaingia na mashua katika ziwa lililojificha huko Amazon, Amerika ya Kusini, wakitafuta mabaki ya kiumbe wa kale, nusu mtu nusu samaki. Hawajui kwamba mmoja bado yu hai chini ya mashua yao. Wakitaka kumkamata wanamwaga majini dawa iitwayo rotenoni, na samaki wanaanza kuelea juu wakiwa wamelewa.

Hapo mtu wa huku kwetu hahitaji kuelezwa. Rotenoni ndiyo sumu iliyomo katika utupa, ule mmea unaotwangwa na kutiwa mtoni ili samaki walegee. Ni uvuvi unaokatazwa kisheria kama unavyokatazwa uvuvi wa baruti, ambao umevunja matumbawe mengi katika pwani hii. Anayevua kwa utupa hachagui. Wakubwa wanaolengwa wanakufa, na watoto wao wanakufa pia. Arnold aliwaonyesha watazamaji maji yakitiwa sumu, kisha akawaonyesha mwenye maji akitoka. Kiumbe yule anaua watu, ni kweli, lakini kwake ndipo walipoingia bila hodi. Sinema nyingi za namna hii zinataka umchukie zimwi tu. Ukimaliza kuitazama hii, unamwonea huruma.

Namna ilivyotengenezwa nayo ina hadithi yake. Zimwi lilikuwa mtu ndani ya vazi la mpira. Nchi kavu lilivaliwa na Ben Chapman, na chini ya maji na Ricou Browning, mwogeleaji kijana wa Florida, katika chemchemi za Wakulla ambazo maji yake ni maangavu mno. Ndani ya vazi hapakuwa na nafasi ya mtungi wa hewa. Browning alibana pumzi kwa dakika kadhaa, kisha akasogea pembeni na kuvuta hewa kwenye bomba aliloshikiwa na wasaidizi, halafu akarudi mbele ya kamera. Wazamiaji wa pwani yetu watajua uzito wa kazi hiyo. Sura ya zimwi ilichorwa na mwanamke, Milicent Patrick, lakini mkuu wa idara yake alijitwalia sifa zote na yeye akaachwa bila kazi. Imechukua miaka mingi jina lake kurudishwa mahali pake.

Mwaka uliofuata Arnold alitoa mwendelezo wa filamu hiyo. Ndani yake anatokea kwa muda mfupi kijana wa maabara anayetafuta panya wake mweupe. Kijana huyo ni Clint Eastwood, katika filamu yake ya kwanza, kabla hajawa mbabe wa sinema za farasi na bastola.

Mwaka huo huo wa 1955 ikaja Tarantula. Arnold hakuwa wa kwanza kutengeneza sinema ya mtaalamu anayeshindwa kukidhibiti alichokitengeneza. Frankenstein ilikuwa imeshatoka mwaka 1931, ikitokana na riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, na mwaka 1954 kampuni nyingine ilikuwa imetoa filamu ya siafu wakubwa waliotokana na mabomu ya atomiki. Alichoongeza Arnold ni nia njema. Profesa wa Tarantula si mwovu. Anaona watu duniani wanaongezeka na chakula hakitatosha, basi anatengeneza lishe ya kukuza wanyama upesi, ikiwa na chembe za nyuklia ndani yake. Panya anakuwa mkubwa kupita kiasi. Buibui naye anakua. Wasaidizi wake wawili wanajijaribia dawa ile miilini mwao, sura zinawaharibika na wanakufa. Mmoja kabla ya kufa anaichoma moto maabara, na buibui anatoroka jangwani.

Ng'ombe wanaanza kupotea. Wenye mifugo wanakuta mifupa mitupu na dimbwi la kitu cheupe pembeni, na daktari wa kijiji hapati jibu. Kwa maoni yetu sehemu hiyo inatisha kuliko buibui mwenyewe, maana kila mfugaji anaijua asubuhi ya namna hiyo. Buibui aliyeonekana kwenye filamu alikuwa buibui halisi. Walimweka juu ya mfano mdogo wa milima na kumwelekeza kwa kumpulizia hewa, kisha picha yake ikaunganishwa na ya barabara na nyumba.

Filamu bora ya Arnold, nasi tunakubaliana na wengi katika hilo, ni The Incredible Shrinking Man ya mwaka 1957, iliyotokana na riwaya ya Richard Matheson. Mtu yumo kwenye boti pamoja na mkewe. Mke anashuka chini kuchukua kinywaji, na wakati huo ukungu wa ajabu unapita juu ya maji na kumfunika mume. Miezi inapita. Siku moja anapita karibu na lori linalopulizia miti dawa ya wadudu, dawa inamwangukia. Baada ya hapo mashati yanaanza kumpwaya. Madaktari wanagundua kwamba ukungu ule wa mionzi na dawa ya wadudu vimekutana mwilini mwake, naye anapungua kimo kila siku.

Watazamaji wa mwaka 1957 walikuwa na sababu ya kuuogopa ukungu juu ya bahari. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la majaribio kwenye visiwa vya Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Mlipuko ulizidi makadirio ya wataalamu. Majivu meupe yalianguka juu ya chombo cha uvuvi cha Wajapani kilichokuwa mbali, nje ya eneo lililokatazwa. Wavuvi 23 waliugua, na mmoja wao akafa mwezi Septemba mwaka huo. Walikuwa wametoka kutafuta jodari. Jaribio lilikuwa la watu wengine kabisa.

Na dawa ya miti? Wakulima wa korosho wa Newala, Tandahimba na Masasi wanaijua hali hiyo, mashine inanguruma na wingu la salfa linatanda shambani kuzuia ubwiriunga, au dawa ya majimaji inapulizwa kuua mbu wa mikorosho. Hakuna dawa inayomfanya mtu awe mdogo kama kidole, hilo ni la sinema. Lakini macho kuwasha na kifua kubana si sinema, na upepo ukigeuka, dawa humfuata jirani ambaye hakununua hata mfuko mmoja. Hofu ya aina hiyo ndiyo Arnold aliyoikuza mpaka ikajaa ukutani.

Katika filamu hiyo mtu yule anafikia kufukuzwa na paka wake mwenyewe, anaangukia chumba cha chini, na kupigana na buibui kwa kutumia pini ya kushonea. Kuna mahali matone ya maji yanamwangukia kama magunia. Arnold alipata shida kuyatengeneza, maana tone kubwa la maji halishiki umbo. Mwisho akakumbuka kondomu. Zilijazwa maji, zikadondoshwa kutoka juu, na kwenye picha zikaonekana kama matone halisi. Alipoulizwa na wahasibu wa kampuni kwa nini filamu imenunua kondomu nyingi kiasi kile, alijibu kwa mzaha kwamba zilikuwa za sherehe ya kufunga kazi.

Wakubwa wa kampuni walitaka mwishoni mtu yule apone na kurudia kimo chake. Arnold alikataa. Filamu ilijaribiwa mbele ya watazamaji na mwisho wake ukabaki vile vile: anaendelea kupungua mpaka anapenya kwenye wavu wa dirisha na kutoka nje, chini ya nyota, bila kupona.

Ndipo tunapofika kwa silikanti. Filamu iliitwa Monster on the Campus, na Arnold mwenyewe hakuiweka sawa na kazi zake nyingine. Kisa chake ni kwamba samaki alipigwa miale ya gama ili asioze njiani, na miale ile ikaibadili damu yake kuwa sumu inayomrudisha kiumbe nyuma kwa maelfu ya miaka. Profesa anakuwa mtu wa kale mwenye manyoya na kuua bila kujua. Alipotambua kwamba muuaji ni yeye, alijidunga ile damu makusudi mbele ya mashahidi, polisi wakampiga risasi.

Waandishi wa filamu hawakumchagua samaki huyo kwa bahati. Wataalamu walikuwa wakiamini silikanti ametoweka pamoja na madinosa, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwezi Desemba 1938 na kutambuliwa na Marjorie Courtenay-Latimer wa jumba la makumbusho la East London. Profesa J.L.B. Smith alitumia miaka 14 kumtafuta wa pili. Alisambaza katika pwani ya Afrika Mashariki karatasi zenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100. Karatasi hizo alizichukua nahodha Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kati ya Zanzibar na Komoro. Mwezi Desemba 1952 mvuvi wa kisiwa cha Nzwani, Ahamadi Abdallah, akavua mmoja kwa mshipi. Wakomoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote. Walimwita gombessa, na hawakumthamini kwa kuwa nyama yake ina mafuta mengi na huendesha tumbo.

Serikali ya Afrika Kusini ilituma ndege ya kijeshi kumchukua. Habari ilienea duniani, na miaka sita baadaye Hollywood ikamfanya chanzo cha mauaji.

Baada ya mwaka 1958 filamu za namna hii zilipungua mikononi mwa Arnold. Mwaka 1959 aliongoza kichekesho cha Peter Sellers, The Mouse That Roared, kisha akaishi kwa kuongoza vipindi vya televisheni, kikiwemo Gilligan's Island. Alifariki California tarehe 17 Machi 1992, akiwa na miaka 75.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mwaka 1991, meli ya uvuvi ilimnasa silikanti jike mbele ya Pebane, Msumbiji, kusini ya Ruvuma. Alikuwa na mimba. Tumboni mwake mlikutwa watoto 26, wote wamekamilika, karibu ya kuzaliwa. Wale waliofuatia Kilwa na Tanga walinaswa kwenye majarife yaliyotegwa maji ya kina kirefu kwa ajili ya papa, na mwaka 2009 serikali ikatenga huko Tanga hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo.