Sun Lutang, bingwa aliyesikiliza kwa mikono

Ikitajwa kung fu wengi wetu tunawaza mateke ya kwenye filamu. Leo tunamwangalia Mchina aliyesifika kwa jambo jingine: kusikiliza kwa mikono. Jina lake ni Sun Lutang.

Alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Hebei, kaskazini mwa China, katika familia ya wakulima maskini. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Alijifunza mchezo wa xingyi kwa Li Kuiyuan, kisha kwa mwalimu wa mwalimu wake, Guo Yunshen.

Xingyi ina asili ya silaha. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi wake, Ji Jike, alikuwa hodari wa mkuki katika karne ya 17. Aliona kuwa siku akikutwa mikono mitupu, mwili wenyewe lazima uwe mkuki: mguu, kiuno na ngumi vifike kwa pamoja. Misuli peke yake haiwezi kazi hiyo. Nia hutangulia, mwili hufuata. Ndiyo maana jina xingyi lina maana ya umbo na nia.

Baadaye Sun alikwenda Beijing kujifunza bagua kwa Cheng Tinghua, fundi wa miwani. Mwaka 1900 majeshi ya kigeni yaliuteka mji huo, na Cheng akauawa kwa risasi. Swali likabaki kwa wote wa fani ile: kama bunduki inammaliza bingwa, mazoezi haya yana faida gani tena?

Jibu la Sun tunaliona katika matendo yake. Hao Weizhen, mwalimu wa taiji, alipougua akiwa ugenini Beijing, Sun alimuuguza mpaka akapona. Kwa shukrani, Hao akamfundisha taiji. Sun alikuwa bingwa mwenye umri wa miaka 50 hivi, lakini alikubali kuwa mwanafunzi tena.

Katika taiji, watu wawili hugusanisha mikono na kusukumana polepole. Kila mmoja anahisi uzito wa mwenzake unaelekea wapi. Anayetumia nguvu nyingi hujitangaza mapema. Aliyelegea husikia, hupisha, kisha humwangusha mwenzake kwa msukumo mdogo.

Sun hakuyaficha aliyoyajua. Alitoa kitabu cha xingyi mwaka 1915, kisha cha bagua, na cha taiji mwaka 1921, akieleza kwamba michezo hiyo mitatu ina msingi mmoja, na kwamba inajenga afya na tabia njema.

Alifariki mwaka 1933. Binti yake, Sun Jianyun, aliendelea kufundisha, naye alifariki mwaka 2003. Leo hatua za taiji ya Sun hutumika katika mazoezi ya wenye maumivu ya viungo. Mchezo ambao sehemu ya asili yake ni mkuki wa vita sasa unawasaidia wazee kutembea.