Alexander Nasmyth, Mchoraji wa Majumba ya Wakubwa

Kila nitazamapo picha ya kasri la Culzean, lililojengwa juu ya jabali la pwani ya Ayrshire huko Uskoti, fikira zangu humwendea aliyelichora kabla ya waliolimiliki. Mchoraji huyo ni marehemu Alexander Nasmyth, ambaye Waskoti humwita baba wa uchoraji wa mandhari nchini mwao.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1758. Angali kijana, mchoraji mashuhuri Allan Ramsay alimchukua London akamfunza kazi. Baadaye tajiri mmoja, Patrick Miller, alimkopesha fedha za kwenda Italia kuongeza ujuzi. Aliporejea alichora sura za watu, na mwaka 1787 akachora ile ya mshairi Robert Burns, ijulikanayo hata leo.

Riziki yake ilitoka kwa wakubwa. Lakini katika miaka ya 1790, walipokuwa na hofu kwa sababu ya mapinduzi ya Ufaransa, Nasmyth alisema wazi kwamba serikali yapasa kufanya mageuzi. Wengi wakamsusa. Yeye hakuwabembeleza, aliziacha sura zao akashika kuchora milima, miti, bahari na majumba.

Ajabu ni kuwa wakubwa walirudi kwake. Walitaka picha za makasri yao, na ushauri wa kupanga mashamba yao. Ndivyo alivyolichora Culzean, kasri la ukoo wa Kennedy, ambalo msanifu Robert Adam alikuwa amelijenga upya kuanzia mwaka 1777.

Nyumbani kwake Nasmyth aliacha ujuzi. Binti zake sita wote walikuwa wachoraji, wakasomesha wanafunzi na kuuza kazi zao. Mwanawe Patrick alichora pia, na James akabuni nyundo ya mvuke.

Nasmyth alifariki mwaka 1840. Mwaka 1945 ukoo wa Kennedy, uliolimiliki Culzean kwa karne nyingi, ulilikabidhi kwa shirika la kuhifadhi turathi za Uskoti. Si wakfu kama tuujuavyo sisi, lakini tangu hapo mlango uko wazi kwa umma.

Nami naona funzo. Mali hupita mkononi. Ujuzi wa halali umfundishao mwanao, hakuna awezaye kumnyang'anya.