Wasifu wa Bibi Salme binti Said (1844–1924)

Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai: wa kiume 18 na wa kike 18. Wote walizaliwa na masuria, na mtoto wa suria alihesabiwa huru na mrithi kamili. Hivyo mtahiniwa anaposoma kwamba Majid na Barghash walikuwa ndugu, aelewe kwamba walichangia baba, si mama.

Umri wao ulipishana sana. Thuwaini, aliyetawala Maskati, alimzidi Salme zaidi ya miaka 20. Tena watoto hawakukaa pamoja, bali waligawanyika katika makasri, na mtu alimjua zaidi ndugu aliyeishi naye. Salme alipofikia miaka 7 hivi, yeye na mama yake walihamia kwa Majid. Jilfidan na mama yake Majid walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki hai atawatunza watoto wa mwenzake. Basi Majid akawa kwa Salme kama ndugu wa tumbo moja.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi huo ndio uliomponza. Baada ya kifo cha baba yao, Majid alitawala Zanzibar na Thuwaini akabaki Omani. Ugomvi wao uliamuliwa na Waingereza mwaka 1861 kwa kuzitenganisha nchi hizo mbili. Kabla ya hapo, mwaka 1859, Barghash alikula njama ya kumpindua Majid. Khole, dada aliyependwa mno na Salme, alikuwa upande wa Barghash, naye Salme akavutwa humo. Akiwa na miaka 15 tu, akawa mwandishi wa barua za siri dhidi ya kaka aliyemlea. Maasi yalizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu Salme. Ajabu ni kwamba alipopatana naye, Khole na wenzake ndio waliomsusa. Mama yake alikwisha kufa kwa kipindupindu, na katika jamaa kubwa kiasi kile akajikuta mpweke.

Upweke huo unasaidia kueleza yaliyofuata. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka huohuo Majid naye alifariki, na Barghash akashika utawala.

Salme alirudi Zanzibar mwaka 1885 pamoja na manowari za Kijerumani, akidai urithi wake. Barghash, ambaye zamani alimwandikia barua za njama, alikataa hata kumwona. Mwaka uliofuata Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alifariki Jena, Ujerumani, Februari 1924.