Yule Mama wa Noti ya Dola Kumi Alikuwa Msusi

Safari hii ukurasa wa wasifu nimepewa mimi, na najua wengi mnategemea habari za Mwalimu Nyerere au Mama Wangari Maathai. Leo nitawaletea mama wa hapa hapa Kanada. Alifariki 1965, sura yake mnayo mfukoni, na nina hakika wengi wenu hamjui alikuwa akifanya kazi gani. Hata mimi sikujua. Nilijua kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo naomba nianze na hiyo aibu.

Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa nimepanga chumba cha chini, ardhini kabisa, katika nyumba moja ya Malvern. Nikaitwa usaili wa kazi. Si mnajua tena, ukishaitwa usaili unaanza kujitazama kwa macho ya watu wengine. Nikaona kipilipili changu hakitafaa. Nikanunua pasi ya nywele, nikaiweka namba ya mwisho kabisa, 450, nikidhani kubwa ndiyo bora. Sikujua hizo ni nyuzi za farenhaiti, yaani zaidi ya 230 za sentigredi. Na nywele zenyewe zilikuwa bado mbichi, ndo kwanza nimetoka kuziosha. Zikalia kama dagaa kwenye kikaango, moshi ukajaa chumba kizima.

Zilinyooka kweli, nisiwadanganye. Ila wiki iliyofuata nilipoziosha, za mbele ziligoma kujikunja. Zikabaki zimesimama kama ufagio, na kila nikipitisha chanuo zinabakia kwenye chanuo. Kazi yenyewe nayo nikaikosa.

Jirani mmoja, mama wa Kijamaika anayetengeneza watu nywele jikoni kwake, ndiye aliyeniokoa. Alizikata zilizoungua bila kunisimanga. Nilipomlipa noti tatu za dola kumi, alishika moja akaniuliza kama namjua huyo mwanamke. Nikajibu haraka kwamba ni Viola Desmond, aliyekataa kuhama kiti sinema. Akasema ni kweli, lakini alikuwa nani kabla ya kuingia sinema? Nikanyamaza. Akanambia yule alikuwa mtu wa kazi kama yake, na kwamba angekuwepo nisingejichoma vile. Kesho yake nikaenda maktaba ya Malvern kumsoma.

Binti wa Halifax

Viola Irene Davis alizaliwa Halifax, jimbo la Nova Scotia, tarehe 6 Julai 1914. Baba yake alikuwa mtu mweusi aliyewahi kufanya kazi ya unyozi, mama yake mzungu. Tusidhani weusi wa kule walikuwa wageni kama sisi. Mababu wa wengi wao walifika kwa meli 1783, baada ya vita vya uhuru wa Marekani. Pamoja na hayo, bado walikuwa na shule zao, makanisa yao na mipaka yao isiyoandikwa.

Binti huyu alianza kwa kufundisha katika shule za watoto weusi. Moyo wake lakini ulikuwa kwenye nywele. Tatizo ni kwamba vyuo vya urembo vya Halifax havikuwapokea wanawake weusi. Basi alidunduliza mshahara wa ualimu, akasafiri hadi Montreal, akaingia chuo kimoja kati ya vichache vilivyomkubali mtu mweusi. Mwaka 1936 aliolewa na Jack Desmond, kinyozi, na mwaka 1937 akafungua saluni yake mtaa wa Gottingen, jirani na kinyozi cha mumewe. Hakuridhika. Alikwenda tena kusoma Atlantic City, Marekani, kwenye chuo cha Apex cha Sara Spencer Washington, mwanamke mweusi aliyetajirika kwa biashara ya urembo. Pia alijifunza kutengeneza nywele za bandia.

Jamani, fikirieni. Mtu anavuka mpaka wa nchi ili afundishwe kuosha, kunyoosha na kutunza nywele za watu wa mtaani kwake.

Kazi yenyewe

Siku zile mtindo mkubwa ulikuwa kuchoma nywele kwa chanuo la chuma lililopashwa moto jikoni, kisha kuzikunja kwa koleo. Hapakuwa na namba wala taa ya kukujulisha kuwa sasa yatosha. Msusi alilazimika kujua kwa macho na kwa mkono. Nywele zilioshwa, zikakaushwa kabisa, zikagawanywa mafungu madogo, zikapakwa mafuta kidogo. Kabla chanuo halijagusa kichwa, msusi alilijaribu kwenye karatasi au kitambaa cheupe. Likiacha alama ya kahawia, linasubiri lipoe. Kumbe mimi na pasi yangu ya kisasa nilikuwa nimepungukiwa na kile kikaratasi tu!

Sababu zake zinaeleweka kirahisi. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Ndani yake mna vifungo dhaifu vinavyoachia kwa maji au joto, kisha vinajifunga upya. Ndiyo maana nywele zilizochomwa vizuri hurudi kipilipili zikikutana na mvua. Joto likizidi, protini yenyewe inaharibika, na hapo hakuna mafuta wala mayai yatakayoirudisha, maana unywele ukishatoka kichwani hauna uhai wa kujiponya. Na nywele zikiwa mbichi ni hatari zaidi: maji yaliyomo ndani ya unywele yanachemka, yanatoboa vishimo, unakatika hapo hapo.

Viola aliyajua haya kwa vitendo, na hakuyafungia kabatini. Katika miaka ya 1940 alifungua chuo chake mwenyewe, Desmond School of Beauty Culture, kwa ajili ya wasichana waliokuwa wanakataliwa kama yeye. Walimjia kutoka Nova Scotia, New Brunswick na Quebec. Alitengeneza pia vipodozi vyake vya jina la Sepia: poda, mafuta ya nywele, manukato. Ndoto yake ilikuwa wanafunzi wake wakafungue saluni zao kila walikotoka.

Usiku wa New Glasgow

Tarehe 8 Novemba 1946 alikuwa anaendesha gari kwenda Sydney, kisiwa cha Cape Breton, kwa shughuli za biashara hiyo. Gari likaharibika New Glasgow. Fundi akamwambia asubiri hadi kesho. Ili kupoteza muda akaingia sinema ya Roseland, akakaa chini, kwa sababu macho yake hayakuona mbali. Hakujua kwamba pale weusi walitakiwa kukaa juu, roshani.

Alipoambiwa ahame alirudi dirishani kulipa tofauti, maana chini ilikuwa senti 40 na juu senti 30. Wakakataa kumuuzia. Akarudi akakaa pale pale. Polisi na meneja wakamburuta nje, akaumia nyonga, akalala rumande. Simulizi zinasema alikaa wima usiku kucha, glavu zake mkononi.

Asubuhi alihukumiwa bila wakili. Kosa? Kwamba ameiibia serikali ya jimbo senti moja, tofauti ya kodi kati ya tiketi ya juu na ya chini. Neno rangi halikutajwa mashtakani. Alilipa faini ya dola 20 na gharama dola 6. Watu weusi wa Nova Scotia walichanga pesa akakata rufaa, na mwaka 1947 akashindwa kwa sababu za taratibu za kisheria.

Sehemu inayoniuma mimi ni inayofuata, ambayo husimuliwa kwa haraka. Ndoa ilivunjika. Saluni ikafungwa, na chuo pia. Alihamia Montreal, baadaye New York, na huko akafariki tarehe 7 Februari 1965 akiwa na miaka 50. Jimbo lilimsamehe rasmi tarehe 15 Aprili 2010 na kukiri kwamba hakuwa na kosa. Mwaka 2018 akawekwa kwenye noti. Itazameni vizuri: nyuma ya sura yake kuna ramani ya sehemu ya Halifax, na mtaa wa Gottingen umo. Heshima kubwa, ndiyo. Lakini wale wasichana ambao wangefundishwa miaka 20 mingine, nani atawahesabu?

Tuliobaki na pasi mkononi

Mimi najihesabu mmoja wao. Huku tunaishi mbali na mama na shangazi waliotusuka twende kilioni barazani, na bei ya saluni inatushinda, kwa hiyo kila mtu anajitengeneza peke yake chumbani. Siwaambii mchome wala msichome. Viola aliishi kwa kazi ya kunyoosha nywele na hakuna mtu atakayemwambia alikosa kujiheshimu. Ninachosema ni kwamba tujifunze kabla ya kushika moto.

Nilivyofundishwa na yule jirani ni hivi. Osha, kausha mpaka zikauke kabisa. Paka dawa ya kukinga joto, usitegemee mafuta mazito. Gawa mafungu membamba, pasi iwe kama 350 za farenhaiti au chini ya hapo, pitisha mara moja, usirudie rudie. Kisha zipumzishe wiki kadhaa, hasa msimu wa baridi ambapo hita za ndani zinakausha kila kitu. Na ukiona utosi unapungua nywele, unawasha au unauma, nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliulaumu ugonjwa wa namna hiyo kwa chanuo la moto. Baadaye ikaonekana chanuo peke yake si maelezo ya kutosha. Lakini kovu likishaingia kwenye ngozi, nywele za pale hazirudi tena.

Kwa ajili ya mahafali nilizichoma kwa mara ya kwanza tangu siku ile, jikoni kwa yule mama, yeye ameketi ananitazama. Nilijaribu pasi kwenye karatasi nyeupe kwanza. Jumapili nikaziosha huku moyo unadunda. Zikajikunja zote, hata za mbele.

Alikataa malipo. Akanambia dada mwingine akija kupanga pale chini, nimfundishe.